Mgema Aliyepigwa Akawa Tabibu

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Mfaransa Molière aliuonyesha kwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 6 Agosti 1666, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheza nafasi ya Sganarelle, mkata kuni mlevi anayepigwa mpaka akubali kwamba ni daktari. Kwa Kiswahili tunao tangu enzi za ukoloni, katika tafsiri ya A. Morrison inayoitwa Tabibu Asiyependa Utabibu. Sasa kikundi kidogo cha vijana wa Likoni kimeuchukua, kikaupunguza, kikauvisha nguo za Pwani ya Kusini, kikaucheza katika ukumbi wa mtaa: viti vya plastiki nyuma, mikeka mbele kwa watoto, na leso zilizoungwa zikawa pazia. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ninachotaka hapa ni kueleza kicheko kile kilivyojengwa, maana kichekesho ni utanzu ambao wahakiki wetu huupitia mbio wakielekea kwenye tanzia, kana kwamba kuchekesha hakuna ufundi wa kuchunguzwa.

Uamuzi wa kwanza wa kikundi ndio ulioibeba kazi yote: mkata kuni amekuwa mgema. Katika mchezo wa Molière mhusika mkuu ana kazi yake na ana chupa yake, na ni wazi anapenda kipi zaidi. Mgema anavibeba vyote viwili ndani ya kibuyu kimoja. Kombo, ndivyo walivyomwita, anaingia na kotama kiunoni na kibuyu begani, anakituliza kibuyu chini kama anayemlaza mtoto, na mkewe Mwanasha anasimama pembeni akiangalia upole ambao yeye hajawahi kuupata. Hakuna neno lililosemwa bado. Ndoa nzima tumeshaijua.

Kisha wanagombana, na ugomvi huu unataka kusomwa kwa makini kwa sababu ndio mahali ambapo mtazamaji wa leo ana haki ya kukunja uso. Katika maandishi ya Molière mume anampiga mkewe kwa fimbo, na mchezo unatarajia tucheke. Kikundi hakikuiondoa sehemu hii wala hakikuicheza kama ilivyo. Silaha yao ni fagio la chelewa, na wa kwanza kulishika ni Mwanasha, anafagia. Kombo ananyang'anya, anapiga sakafu kando ya miguu yake, na Mwanasha anapiga ukelele kabla fagio halijatua. Mara ya pili ukelele unatangulia zaidi. Mara ya tatu anapiga ukelele Kombo akiwa bado anatafuta pa kuweka kibuyu, na Kombo anabaki amelishika fagio hewani, amepokonywa hata pigo lake. Kicheko kimehama. Kimetoka kwenye mwili wa mwanamke kikaenda kwenye mkono wa mwanamume uliochelewa.

Sitasema kwamba hilo linamaliza mashaka. Nyuma yangu walikaa kina mama ambao kwanza hawakucheka kabisa. Walianza kucheka alipoingia jirani. Jirani huyu, ambaye Molière anampa onyesho moja fupi tu, anakuja kuamua ugomvi kwa nia njema, na Mwanasha anamgeukia yeye: kwani yeye ni nani, mume ni wake au ni wa mtaa? Anamsukuma mpaka ukutani. Jirani anakwenda kumwomba radhi Kombo, na Kombo naye anampiga. Onyesho hili huonekana kama la ziada, na waongozaji wengi wangelikata kwanza. Ukilitazama vizuri utaona ndilo linaloweka kanuni ya mchezo: pigo halikai lilipoanzia, linasafiri, na humfikia yule ambaye hakulitarajia. Kuanzia hapo ukilifuata fagio umefuata hadithi. Kombo analiinua kwa mkewe, linaishia kwa jirani. Mwanasha analituma kwa Kombo kupitia watumishi wawili wa tajiri. Kombo akishavikwa kanzu ya utabibu analipeleka kwa tajiri mwenyewe. Anayeanzisha safari hii ndefu ni mwanamke aliyetishiwa nalo, na anaianzisha kwa maneno yake matupu, pasipo kumgusa mtu. Molière hamfanyi Kombo kuwa mtu mwema mwishoni, na hapo lawama inabaki. Lakini muundo wa mchezo unamdai deni lake, tena hadharani.

Kuhusu fagio lenyewe. Waigizaji wa Kiitaliano waliokuwa wakigawana jukwaa na Molière mjini Paris walikuwa na gongo lao la mbao mbili zilizofungwa pamoja, likipiga hulia sana na haliumizi. Kichekesho cha kupigana hakiwezi kuishi bila chombo cha namna hiyo, kwa sababu mtazamaji akihofia kwamba mwigizaji ameumia kweli, kicheko kinakatika pale pale. Chelewa zinafanya kazi ileile. Zinalia chwaa! ukumbi mzima unasikia, na macho yanaona ni fagio tu. Sijui ni nani katika kikundi aliyelifikiria, lakini huyo ana jicho la jukwaa.

Onyesho ninalolipenda kuliko yote ni lile la watumishi kumkuta Kombo akinywa. Mwanasha ameshawaambia kwamba yule mgema ni tabibu mkubwa mwenye wazimu wa kuificha elimu yake, na kwamba hakiri mpaka atandikwe. Wanamkaribia kwa adabu. Wa kwanza anainama: shikamoo. Kombo anaitikia marahaba, na anakihamisha kibuyu kutoka kulia kwenda kushoto, maana ameona mtu akiinamia kibuyu chake. Wa pili anainama upande wa kushoto. Marahaba, na kibuyu kinahamia tumboni, mikono miwili juu yake. Hatua hizi tatu zimo katika maelezo ya jukwaani ya Molière, hazikubuniwa Likoni, na vijana walizifuata bila kuongeza hata moja. Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Mwigizaji asiyekomaa angekihamisha kibuyu mara ya nne na ya tano kwa kuwa watu wanacheka. Mara mbili tumejifunza mwendo, ya tatu umevunjwa, basi. Ya nne ingekuwa omba-omba.

Halafu yanaanza mazungumzo ambayo kila mtu anazungumza jambo lake. Watumishi wanasifu kazi ya mikono yake; Kombo anataja bei ya chupa moja. Wanasema sifa zake zimevuka kivuko mpaka kisiwani Mombasa. Anajibu kwamba kwa wa kisiwani bei ni hiyohiyo. Wanamsihi asijishushe, mtu wa kiwango chake hafai kujificha. Anaapa kwamba yeye hatii maji. Mtu mmoja katikati ya ukumbi akapaza sauti, "Mgema akisifiwa!", na ukumbi wote ukaimalizia methali. Kombo akanyamaza, akangoja wamalize, akawaonyesha kibuyu kwa uso wa mtu aliyesingiziwa. Molière hakuijua methali hiyo, lakini onyesho lake lina umbo lake kabisa: sifa zinamharibia mgema kazi, safari hii kwa kumpa nyingine asiyoijua. Katika asili ya Kifaransa Sganarelle anadhani wanataka kuni na anabishana juu ya bei ya mzigo. Kubadilisha kuni kuwa mnazi kumelipa onyesho kitu ambacho halikuwa nacho, na hakuna kilichopotea.

Kipigo kinafuata. Wanamuuliza kama ni tabibu, anakana. Wanamuuliza kwa heshima zaidi, anakana kwa heshima zaidi. Wanasikitika, wanaomba radhi, wanachukua fagio. Chwaa! Ni tabibu. Wanafurahi, wanamkumbatia. Kombo, fahamu zikimrudia, anauliza polepole kama kweli wana hakika. Nyuso zinaanguka, fagio linapanda. Ni tabibu, ni tabibu, na kama wanataka ni mfamasia pia. Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko kilichotoka mwaka 1900, alishikilia kwamba tunacheka tunapomwona binadamu akienda kama mashine, na michezo ya Molière ilimpa mifano mingi. Nusu ya maelezo hayo nayakubali. Watumishi hawa kweli ni mashine: ukisema hapana wanapiga, ukisema ndiyo wanakumbatia. Lakini aliyetuchekesha zaidi ni Kombo, na Kombo katika dakika ile alikuwa mtu mzima wa akili. Alilitazama fagio, akakitazama kibuyu, akapiga hesabu mbele yetu, na tuliiona hesabu ikipita usoni mwake. Baadaye akabaki peke yake akijiuliza kama pengine yeye ni tabibu kweli na hakuwa na habari. Hapo kichekesho kinaingia kichwani kutoka mgongoni. Mtu ameambiwa jambo kwa nguvu mara nyingi mpaka ameanza kulipekua ndani yake, na analiona.

Nyumbani kwa tajiri, Bwana Zubeiri, binti yake Rehema amekuwa bubu. Ndoa imesimama, bwana harusi mwenye mali hataki mke asiyesema. Mtumishi wa kike, ambaye hana cheo cho chote, anasema mapema kabisa kwamba dawa ya mtoto huyu ni kuozwa amtakaye, na hakuna anayemsikiliza. Ni ujanja wa kale wa kichekesho: jibu hutolewa mwanzoni na mtu asiyehesabiwa, na wakubwa wote wanatumia mchezo mzima kulikimbia.

Kombo anaingia kwa kanzu ndefu iliyomshinda urefu. Katika asili, daktari bandia anamuuliza mwenye nyumba kama anajua Kilatini. Akisikia hajui, anaachia mvua ya Kilatini cha uongo, vipande vya vitabu vya shule vilivyochanganywa na maneno yasiyokuwapo. Watazamaji wa Paris walivitambua vile vipande. Ukumbi wa Likoni hauna sababu ya kuvitambua, na mtafsiri anayekiacha Kilatini mahali pake anabaki na herufi, mzaha umemtoka. Vijana walifanya hivi: Kombo anamuuliza Bwana Zubeiri kama anaijua lugha ya mishipa. Haijui. Kombo anavuta pumzi, anafumba macho, anaweka kiganja juu ya utosi wa mgonjwa, na kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa siri anasema kwamba mshipa wa ulimi unaanzia Shika Adabu, unapanda Ng'ombeni, unapita Waa, ukifika Tiwi unapumzika, kisha unakwenda Kombani, Ukunda, Msambweni, na ukikwama Lunga Lunga ndio ububu.

Ukumbi ulipasuka. Mtoto mmoja kwenye mkeka akapiga kelele, "Shusha!" Na hapo tena kikafuata kitu kilichonifanya nikae wima. Bwana Zubeiri, kwa unyenyekevu mkubwa, anamshukuru tabibu kwa elimu ile, ila kuna jambo moja limemtatiza: yeye siku zote alidhani Kombani inatangulia Tiwi. Katika Molière swali ni la moyo na ini, daktari ameviweka upande usio wake, na jibu lake maarufu ni kwamba zamani ilikuwa hivyo, sasa utabibu umebadilisha. Kombo anajibu kwa maana hiyohiyo, bila kutikisa kope. Kosa la Tiwi na Kombani lilipandwa kwa makusudi ndani ya orodha ili livunwe sentensi chache baadaye, na wengi wetu tulikuwa tumeshalisikia, tukadhani mwigizaji kateleza.

Naliona badiliko hili kuwa bora kuliko asili yake, kwa ukumbi huu. Kicheko cha Kilatini cha uongo kilimtaka mtazamaji awe amesoma kidogo ili ajue kwamba daktari hakusoma. Orodha ya vituo vya matatu haimtaki mtu awe amesoma. Mpiga debe anaijua, mama wa samaki anaijua, mtoto wa mkekani anaijua. Wote wamekuwa wataalamu, na mjinga pekee katika nyumba ile ni tajiri anayelipa. Umbo la onyesho halikuguswa: sherehe ya maneno mazito iliyofunika utupu. Ila safari hii tunaouona utupu ni sisi sote, na kwa pamoja.

Dawa nayo imehama vizuri. Molière anaagiza mkate uliolowekwa katika mvinyo, kwa hoja kwamba kasuku hupewa huo na kasuku husema. Kombo anaagiza mahamri kwa pilipili, kwa hoja ileile ya kasuku, na kila aliyewahi kufuga kasuku Mombasa anajua pilipili inaingiaje hapo.

Sasa Rehema. Kwa nusu ya mchezo hana neno, ana miguno tu, na mwigizaji alikuwa na miguno mitatu tofauti: mmoja wa kumjibu baba, mmoja wa kumjibu tabibu, na mmoja laini alioutoa mara mbili tu, mpenzi wake alipoingia amejifanya msaidizi wa tabibu. Usiposikiliza unaipoteza tofauti hiyo. Ububu wake ndicho kitendo pekee cha akili timamu katika nyumba ile. Amenyimwa haki ya kusema hapana, basi ameondoa kusema kwenyewe, na bila sauti yake ndoa haiendi. Kombo, tabibu wa uongo, amekutana na ugonjwa wa uongo, na kwa sababu hiyo ndiye mtu pekee anayeweza kuuponya.

Anapoponywa, neno lake la kwanza ni kukataa. Baba anashangilia, anaanza kusema kwamba sasa basi harusi, na Rehema anamkata. Anaanza upya, anakatwa. "Lakini mwanangu..." hataki. "Nilikwisha mpa mtu neno la..." heri afe. "Jioni hii..." hata kesho kutwa. Katika ukurasa huu Molière karibu hampi baba sentensi iliyokamilika. Nyingi zinavunjiwa njiani, na mara nyingine mzee anabaki na kiunganishi tu mdomoni. Mwigizaji wa Rehema aliyasema haya kwa Kimvita cha nyumbani, kasi, bila kupandisha sauti. Kasi bila kelele ni jambo gumu sana jukwaani. Angepiga kelele, tungeona binti mkaidi. Alivyoyasema, tuliona maneno ya miezi mingi yakitoka kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuyasoma kwa moyo. Baba anamgeukia tabibu na kumsihi amrudishie ububu wake. Tabibu anasema hilo haliwezekani. Anachoweza ni kumfanya mzee kiziwi.

Mama mmoja kati ya wale waliokuwa nyuma yangu alisema kwa sauti, "Haya, mzee, umeipata." Yuleyule ambaye hakucheka mwanzoni.

Kwenye pesa kikundi kilifanikiwa nusu. Onyesho la mkono wa nyuma lilikuwa zuri ajabu: Kombo amempa mgongo Bwana Zubeiri, anakataa malipo kwa maneno makali, yeye hafanyi kazi kwa fedha, na mkono umekwisha kufunguka nyuma ya kanzu. Noti inawekwa. Mkono unaipima kwa vidole, unairudisha, unangoja. Noti kubwa zaidi inawekwa, mkono unafumba, na mdomo wakati wote unaendelea kukataa. Mwigizaji aliugawa mwili wake vipande viwili visivyojuana. Mkono mtupu haulambwi, na huu haukukubali kubaki mtupu.

Lakini mwanzoni mwa tendo la tatu Molière ameweka wakulima wawili, baba na mwana, wanaokuja kuomba dawa ya mama aliye taabani. Baba anaeleza ugonjwa kwa kirefu na tabibu haelewi hata neno. Mwana anatoa fedha, na tabibu anaelewa papo hapo, anawapa kipande cha jibini. Kikundi kililikata onyesho hili. Nadhani sababu ni uhaba wa watu, maana jumla yao walikuwa sita. Nalalamika hata hivyo. Fimbo ndiyo iliyomfanya Kombo tabibu. Fedha ndiyo inayomfanya abaki. Bila wakulima wale hatumwoni akimla maskini, tunamwona akimla tajiri tu, na kumla tajiri ni rahisi kumsamehe mtu. Molière alitaka tumcheke kisha koo litukwaruze kidogo. Likoni walituondolea mkwaruzo huo, na Kombo akawa kipenzi cha watu kuliko anavyostahili. Watu wawili wangetosha, na wawili walikuwa nyuma ya pazia wakati huo.

Uhaba huohuo mahali pengine uliwapa faida. Aliyecheza jirani mwanzoni ndiye aliyecheza Bwana Zubeiri, amebadilisha kofia na kuongeza mkongojo. Jirani hatokei tena baada ya onyesho lake, kwa hiyo njia ipo wazi. Kombo, sasa amevaa kanzu, anamuuliza Bwana Zubeiri kama naye ni tabibu, anasema siye, Kombo anamtandika kwa fagio na kumpongeza kwamba sasa amehitimu, maana yeye mwenyewe hana shahada nyingine. Ukumbi ulimtambua mwigizaji. "Yule yule!" walipiga kelele. Mwili uleule ulikuwa umekula fagio lilelile kwa kuingilia mambo ya watu, na sasa unalila kwa kununua elimu. Kampuni kubwa yenye waigizaji wa kutosha isingeweza kutuonyesha hilo.

Pazia la leso nalo lilikuwa mlango mmoja tu. Vichekesho vingi vya Ulaya hutaka milango mitatu au minne ili watu wapishane. Hapa wapenzi wawili walitorokea palepale alipoingilia baba, sekunde moja mbele yake, leso ikiwa bado inapepea, na baba akaishika leso ili itulie akiendelea kusema. Ilitosha.

Hawa vijana hawakuanza jambo geni. Taarabu za Zanzibar za wakati wa Siti binti Saadi zilikuwa na vichekesho vifupi vilivyopenyezwa kati ya wimbo na wimbo. Ebrahim Hussein, kabla ya Kinjeketile na Mashetani kumpa sifa, aliandika Alikiona, kichekesho cha mke, mume na hawara. Katika Kenya ya miaka ya 1950 wanafunzi wa shule ya Alliance walicheza Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria, na baadaye televisheni ikatupa Vioja Mahakamani na Vitimbi, na Mzee Ojwang' akaingia katika kila sebule. Kilichopungua ni jukwaa lenyewe. Mtu wa Likoni anayetaka mchezo kwa kawaida huvuka kwenda kisiwani, na akienda hukuta mara nyingi tamthilia za mtihani wa shule au michezo ya uhamasishaji.

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu wa mwisho na kikundi hiki. Mchezo wa Molière unaisha kwa fujo safi. Wapenzi wametoroka, Bwana Zubeiri anataka Kombo anyongwe, Mwanasha anatokea akimtafuta mumewe, anaambiwa ananyongwa, na anasema atakaa hapohapo mpaka aone mwisho. Mara simu inalia: mjomba wa kijana mpenzi amefariki Maskati na kumwachia mali. Molière alileta barua ya urithi. Simu ni ileile barua. Baba anageuka kwa kufumba na kufumbua, kijana sasa ni chaguo la moyo wake tangu zamani. Wapo wanaosema mwisho wa namna hii ni uvivu wa mwandishi. Mimi nauona ni ukweli mtupu. Hakuna aliyeshawishika, hakuna aliyejifunza, mzani umelemewa upande mmoja na fedha, na tumeuona ukilemewa. Kombo anamsamehe mkewe vipigo alivyomletea kwa sababu vimempa cheo, na anamwonya amheshimu tabibu. Anakiinua kibuyu. Taa.

Basi ingekuwa taa. Badala yake mwigizaji mmoja alisogea mbele, akavua kofia, akatueleza kwamba tumejifunza tusiwaamini matabibu bandia, pombe si nzuri, na wazazi wasiwaoze mabinti kwa lazima. Ukumbi uliokuwa umeshikana ukalegea, watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Naelewa mazoea haya yanatoka wapi. Vikundi vingi vya Pwani vimelelewa na fedha za mashirika yanayotaka ujumbe: mihadarati, amani wakati wa uchaguzi, uzazi wa mpango. Kijana aliyecheza hivyo miaka mingi huona aibu kumwacha mtazamaji aende nyumbani bila kifurushi. Lakini Rehema alikwisha kumwambia baba yake hapana mara kumi mbele yetu, na yule mama wa nyuma alikwisha kuitikia. Hotuba ilikuja kumfundisha jambo alilolisema yeye mwenyewe robo saa kabla.

Molière naye alianza na kampuni ndogo iliyofilisika. Mwaka 1645 alifungwa kwa madeni, kisha akazunguka mikoani zaidi ya miaka kumi. Aliporudi Paris na kupata nafasi ya kucheza mbele ya mfalme Louis wa 14, tarehe 24 Oktoba 1658, alitanguliza tanzia ya Corneille, na haikumgusa mtu. Akaomba ruhusa ya kuongeza kichekesho kifupi alichokuwa akikicheza vijijini, habari za daktari mwenye mapenzi. Mfalme alicheka, na kampuni ikapewa ukumbi mjini. Kilichowapatia ukumbi ni kitu kilekile walichokuwa wakikiona kidogo.

Ombi langu kwa vijana wa Likoni ni dogo: warudisheni wakulima wawili, na iondoeni ile hotuba. Na kwa msomaji aliye ng'ambo hii ya kivuko: wakiucheza tena, lipa kiingilio, wahi mkeka wa mbele, na umpeleke mama yako.